Haihati ya Shemeji

Radi alikuwa na sifa mbili: kupiga dramu na kukosoa. Ya kwanza ilimpa ugali wake, ya pili aliigawa bure. Alikosoa viti vya harusini, alikosoa hotuba za msibani, na siku mama mkwe wake alipotoka hospitali mzima wa afya, alimwambia daktari kwamba mshono umekwenda upande. Kwa hiyo shemeji yake, mume wa dada yake, fundi wa kuchomelea mageti, alipotaka mtu wa kumpimia stendi aliyoibuni, hakuhangaika kutafuta mbali. Alisema mwenyewe kwamba kitu kikishapita kwa Radi, hata uwanja wa ndege kitapita.

Stendi yenyewe ilikuwa ya haihati, yaani yale matoazi mawili yanayokaa moja juu ya jingine kwenye nguzo, upande wa kushoto wa mpiga dramu. Mguu unayafungua na kuyafunga huku fimbo ikiyagonga, na humo ndimo unamopatikana ule mlio wa "chip, chip" unaomfanya mtu atikise kichwa bila kujua. Stendi za kawaida zina miguu mitatu myembamba na uzito wa mwavuli. Hii ya shemeji haikuwa na mguu hata mmoja. Ilisimama juu ya bamba la chuma lililovalishwa raba ya tairi kwa chini, nguzo yake ilikuwa bomba la mraba, pedali yake ilishikwa na bawaba ya mlango, na yote ilikuwa imepakwa rangi ya fedha, ile wanayopenda watu waliopata pesa juzi. Ilishushwa kwenye pikapu na wanaume wawili, Radi akiwa mmoja wao, na walipoitua sebuleni kigae kimoja kilipasuka.

"Haitembei," shemeji akasema, akiipiga teke la mapenzi. "Nimewaangalia miaka yote nyie wapiga dramu. Kila baada ya nyimbo mbili mnainama kuivuta stendi irudi. Hii haiendi popote."

"Naona," Radi akajibu. "Siku mwenye nyumba akitufukuza, yenyewe itabaki."

Shemeji alicheka. Alikuwa mtu mwenye kifua kipana na hasira ya kupita upesi, fupi kuliko kidole cha mtoto, ndiyo maana Radi alimchokoza kwa raha miaka ishirini bila kupigwa. Alieleza kwamba mwenye duka la ala za muziki ameahidi kuchukua stendi kumi, ila kwa sharti moja. Anataka karatasi iliyotiwa sahihi na mpiga dramu anayejulikana, yenye majibu ya maswali matatu: inafaa au haifai, inamfaa nani, na kwa nini. Radi apewe wiki moja. Yeye shemeji, kwa kuwa kusubiri hakukuwa kipaji chake, alikuwa ameshakata vyuma vya zile tisa nyingine.

Kilichokuwa hakisemwi sebuleni pale ni goti la Radi. Lilikuwa la kushoto, na kwa miezi miwili lilikuwa likimwamsha asubuhi kabla ya jogoo. Daktari alimwambia kwamba mfupa sasa unasuguana na mfupa, akamuuliza anafanya kazi gani, na Radi akasema ni karani, kwa kuogopa kuambiwa aache. Kwa hiyo alipewa ushauri mzuri sana wa namna ya kukaa mezani. Mkewe peke yake ndiye aliyejua, naye kila akisema, "Waambie wenzako," Radi aliuliza kama nguo zimekauka.

Aliyemwogopa ni kiongozi wa bendi. Walimwita Mwalimu kwa sababu alifundisha hesabu kabla hajaacha chaki akashika gitaa la besi, na mpaka leo bendi aliiongoza kihesabu. Hakufoka wala hakugombana na mtu, alitoa tu. Mpuliza tarumbeta alipong'oka meno ya mbele siku ya Jumatatu, Ijumaa alikuwa kwao anafuga kuku. Na sasa bendi ilikuwa imepata ukumbi wa kupiga kila Jumamosi kwa mwaka mzima, kuanzia mwezi ujao. Radi alikuwa na miaka hamsini na mbili, na zaidi ya dramu hakujua kazi nyingine isipokuwa ile ya kukosoa.

Shemeji alipoondoka, Radi alifungua daftari akaanza kazi kwa moyo mkunjufu. Moja, uzito: kifaa hiki kinahitaji kreni. Mbili, rangi: inamtia mpigaji aibu. Tatu, bawaba inalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Alipofika la saba ndipo akakumbuka kwamba bado hajaipiga. Akafunga matoazi juu ya nguzo, akakaa, akakanyaga pedali ili yafunge.

Yakafunguka.

Akainua mguu ili yafunguke, yakafunga. Akakanyaga tena, yakafunguka tena, taratibu, kwa adabu. Radi alipiga magoti, lile zima kwanza, akachungulia ndani ya ile nguzo. Springi ilikuwa imewekwa kinyume. Stendi zote alizowahi kuziona huwa wazi zenyewe na mguu ndio unaozifunga. Hii ilikuwa imefungwa yenyewe, na mguu ndio ulioifungua.

Alichukua muda kuelewa, na alipoelewa akacheka mpaka akashika ukuta. Shemeji alikuwa ametengeneza vyuma vya jukwaa la ukumbi ambamo bendi hufanyia mazoezi, na kwa wiki nyingi aliwatazama wakipiga. Aliona matoazi yamefungwa muda mwingi, yakifunguka mara moja moja. Mtu aliyelala na kuamka na mageti angewaza nini? Kwake yeye, kitu cha kufungwa na kufunguliwa hukaa kimefungwa, mpaka aje mtu mwenye shida. Hakujua kwamba amegeuza chochote. Alikuwa akisifia bamba lake tu.

Radi aliamua kuutunza uhondo huo. Kila Jumapili ukoo mzima ulikula kwa dada yake, na hapo ndipo angeutoa, mbele ya watu, shemeji akiwa na tonge mdomoni. Aliufanyia mazoezi bafuni. Alijua hata mahali pa kunyamaza kidogo kabla ya kusema neno "geti." Lakini ili kichekesho kikolee ilibidi aipige stendi kwanza, aweze kueleza vizuri jinsi ilivyo balaa.

Siku ya kwanza alikuwa kama dereva anayerudi nyuma barabara nzima. Mguu wenye mazoea ya miaka thelathini ulikanyaga pale ulipotakiwa kuachia, na fimbo zikamshangaa. Siku ya pili alipatia wimbo mmoja wa polepole. Siku ya tatu alipiga mchana kutwa, akasimama kwenda kunywa maji, akafika jikoni, akanywa, na akiwa na glasi mkononi ndipo akagundua kwamba amefika jikoni bila kushika kiti njiani.

Akarudi akakaa, akaanza kuichunguza kwa makini, sasa bila daftari. Kwenye stendi ya kawaida mguu wake ulikandamiza muda wote, na huko kukandamiza ndiko kulikomla goti. Akitaka ule mlio wa mguu peke yake, ilibidi akanyage kwa nguvu, na maumivu yakimfikia kabla ya mlio, alichelewa. Kwenye hii mguu ulipumzika tu. Kufungua kulitaka mguso mdogo, maana bawaba ile iliyolia kama paka ilikuwa nyepesi ajabu, na mlio ulitoka pale alipoachia. Kuachia kulikuwa hakuumi.

Hakufurahi. Aliingiwa na hofu, kama mtu aliyeokotewa pochi yake na askari. Kama stendi hii ilikuwa dawa, basi yeye alikuwa mgonjwa, na hilo alikuwa hajakubaliana nalo.

Alhamisi mchana, kabla hajaamua lolote, shemeji alifika na pikapu akasema mwenye duka anataka stendi ijaribiwe na bendi nzima. Walipoingiza lile chuma ukumbini, mwimbaji aliuliza kama ni mnara wa simu. Mwalimu hakucheka. Aliagiza wimbo mmoja upigwe mara mbili, kwanza kwa stendi ya zamani, halafu kwa mpya, kisha akageukia viti vitupu kama kawaida yake, mgongo kwa dramu, besi begani.

Mara ya kwanza Radi alipiga kwa ufundi wake wote, meno yameumana, jasho likimtiririka mpaka kwenye kope. Mara ya pili alipiga tu. Wimbo ulipokwisha, Mwalimu alituliza nyuzi za besi kwa kiganja, mgongo vilevile.

"Hiyo ya pili," akasema. Ndipo akageuka. "Mwezi mzima nimekuwa nikisikia matoazi yanachelewa. Kidogo sana, lakini yanachelewa. Leo hayakuchelewa. Ilikuwa stendi au ulikuwa wewe?"

Mlangoni, shemeji alikuwa ametabasamu kwa meno yote aliyojaliwa.

"Stendi," Radi akasema, upesi, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. "Ile ya zamani imechoka."

Mwalimu aliitazama ile stendi ya zamani, iliyonunuliwa mwaka jana na kung'aa bado. Alitoa kijidaftari mfukoni, akaandika neno moja au mawili, akakirudisha. Radi angetoa fimbo zake zote ajue kilichoandikwa.

Kesho yake alikwenda kwa dada yake kuandika ile karatasi, kwa sababu nyumbani mkewe alikuwa anamtazama. Kibarazani pale hakukuwa na pa kukaa. Mabamba manne yalikuwa yameshachomelewa na kuegeshwa ukutani, kando ya ile stendi ya fedha iliyorudi na pikapu, na shemeji, miwani ya kuchomelea imepandishwa kwenye paji la uso, alikuwa anaimba vibaya kwa furaha. Alimwambia Radi kwamba tangu jana hajalala vizuri. Mwalimu mzima, mtu wa hesabu, kachagua kazi ya mikono yake bila hata kuiangalia. Miaka yote watu wakiyapita mageti yake huangalia nyumba ya ndani.

Radi aliandika jibu la kwanza: inafaa. Kwenye la pili, inamfaa nani, kalamu ikagoma.

Akiandika kwamba inawafaa wote, stendi kumi zitakwenda kwa watu kumi wenye miguu mizima na mazoea mazima. Siku ya siku mtu atakanyaga katikati ya harusi ili matoazi yafunge, nayo yatafunguka. Jina la shemeji litakuwa kichekesho kutoka bendi hadi bendi, na chini ya karatasi patakuwa na sahihi ya Radi. Akiandika kwamba haifai, itabidi airudishe, na kila Jumamosi arudi kwenye ile ya zamani na meno yake yaliyoumana. Na akiandika ukweli, karatasi itabandikwa dukani, ambako wanamuziki wote huja kushika ala wasizonunua. Mwalimu huenda pale kila mwezi kutafuta nyuzi za besi.

Dada yake alileta chai, akatazama karatasi, akaona neno moja. Alisema kwamba mtu aliyeikosoa keki ya harusi yake kwa nusu saa hawezi kushindwa na mistari mitatu. Radi hakuikosoa hata chai, na kwa dada yake hilo lilitosha kumfanya avute kigoda na kukaa.

"Shemeji," Radi akasema. "Zima hiyo mashine kwanza."

Shemeji akazima.

"Stendi yako inafanya kazi kinyume. Za watu wote zinakaa wazi, ukikanyaga zinafunga. Yako inakaa imefungwa."

"Za watu wote?"

"Zote ninazozijua mimi."

Shemeji aliitazama ile ya fedha, kisha yale mabamba manne ukutani. "Kwa hiyo nimekosea," akasema.

"Umekosea kabisa."

Hapa ndipo pale mahali pa kunyamaza kidogo, alipopafanyia mazoezi bafuni. Radi alinyamaza, lakini hamu ya kucheka haikuja. Alimwona shemeji yake akivua miwani taratibu na kuifuta kwa fulana iliyokuwa chafu kuliko miwani yenyewe, na akajionea aibu, aibu ya kweli, kwa siku zote alizokaa na jambo hilo akilinoa kama kisu.

"Naweza kuigeuza springi," shemeji akasema. "Ni kazi ya asubuhi moja. Mwambie mwenye duka aningoje."

"Usiiguse."

"Si umesema nimekosea?"

"Umekosea, na kosa lako ndilo linaloniweka kazini." Radi alikunja suruali mpaka juu ya goti. Lilikuwa limejaa, linang'aa, na halikufanana na mwenzake hata kidogo.

Dada yake aliuliza ni tangu lini. Alipoambiwa miezi miwili, alimwita mjinga, polepole, kama anavyomwita mtu jina alilobatizwa, akaingia ndani kutafuta barafu. Shemeji alichuchumaa mbele ya lile goti, akaligusa kwa kidole kimoja, akalikunjua na kulikunja, kichwa kaegemeza upande akisikiliza.

"Hili limekula beringi," akasema.

"Ndivyo alivyosema daktari, ila yeye alisomea."

Walicheka wote wawili, na Radi akahisi machozi yanamjia, akayaacha. Kisha akachukua kalamu, akakata lile jibu la kwanza, akaandika yote kwa pumzi moja: "Haimfai mpiga dramu mwenye miguu miwili mizima. Itamkera mpaka atamani kuitupa, na kwa uzito wake hataweza. Inamfaa sana aliyeharibikiwa na goti la kushoto, kwa sababu matoazi hukaa yamefungwa yenyewe na mguu unapumzika. Nimeipiga wiki hii. Najua kwa sababu goti langu limekwisha." Akatia sahihi, na jina lake lote, ambalo hata dada yake alikuwa hajaliona limeandikwa tangu shule.

Shemeji alisoma mara mbili, midomo ikicheza. Alisema kwamba kwa karatasi hii mwenye duka hatachukua kumi. Labda atachukua mbili. Radi alikubali kwamba labda mbili. Shemeji akayatazama tena yale mabamba manne, akasema basi mengine atatengenezea meza za watu wasiopenda meza zao kuibwa.

Jumamosi asubuhi, kabla ya kupita dukani, walikwenda ukumbini na stendi nyuma ya pikapu. Shemeji alibaki nje. Mwalimu alikuwa peke yake jukwaani, miwani puani, akibadilisha nyuzi za besi, zile kuukuu akizipanga kwenye kiti. Radi alimpa karatasi bila salamu ndefu, akasimama, uzito wote kwenye mguu wa kulia, kwa mara ya kwanza bila kujificha.

Mwalimu alisoma kama anavyosahihisha, kidole kikitembea chini ya mistari. Alipofika mwisho alirudi juu.

"Alhamisi ulisema ni stendi."

"Nilidanganya."

"Nilijua. Niliandika." Alivua miwani. "Nimepata mtu. Mwanamke mmoja anapiga kwenye bendi ya kanisa, miguu yote mizima. Anaanza kuja Jumatatu."

Radi alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa siku yenye jina. Alitaka kuuliza kama anapiga vizuri, na alitaka kusema kwamba wapigaji wa kanisani hukimbilia mwisho wa wimbo kana kwamba sadaka inapita, lakini yote mawili aliyaacha. Alikaa kwenye ukingo wa jukwaa. Alisema tu kwamba anaelewa, na kwamba karatasi ataipeleka dukani vilevile ilivyo, kwa hiyo Mwalimu asifikiri imeandikwa ili mtu aonewe huruma.

Mwalimu alizungusha kigingi kimoja cha besi, akasikiliza, akazungusha tena. Alisema kwamba Jumamosi moja ina saa nne za kupiga, na saa nne zinagawanyika kwa mbili bila baki. Nyimbo za taratibu ziko nusu ya kwanza, watu wanapokula na kuongea. Za kuruka ziko nusu ya pili, watu wanaposimama. Viti vya dramu vinaweza kuwa viwili.

"Chagua," akasema. "Mimi sikuchagulii."

Radi alijua nusu ipi ni ya Radi. Jina hilo alipewa katika nusu ya pili, ukumbi umesimama, na miaka yote hiyo, nusu ya kwanza aliipiga akiisubiri ya pili. Alijua pia goti lingefika wapi, hata likiwa na stendi ile: lingefika wimbo wa tatu, labda wa nne.

"Ya kwanza," akasema, na neno hilo lilimuuma kuliko goti.

Mwalimu alitikisa kichwa kukubali, akatoa kile kijidaftari, akakata kitu na kuandika kingine juu yake. Kisha akauliza lile lichuma liko wapi, maana Jumatatu lisije likamvunja mguu na huyo mwingine. Radi alisema liko nje. Akasimama, akashuka ngazi moja moja huku ameshika ukuta, akaenda kumsaidia shemeji yake kulishusha.